Kinywa cha Kumuozeshea Binti

Mungu alipogawa vipaji, mimi nilipewa kinywa, na nimekitumia kupita kiasi. Sura yangu ni ya kawaida na akili zangu ni za kuokoteza, lakini nikisimama kuzungumza mtaani kwetu Timbwani watu hunyamaza. Posa ikipelekwa, mimi ndiye msemaji. Wageni wakishukuriwa, nashukuru mimi. Hata duka langu la leso linaendeshwa na kinywa: mteja akifunua leso, naiinamia, namsomea jina lililoandikwa kwa sauti, namweleza maana yake na jirani gani linamlenga, naye huondoka na leso mbili badala ya moja.

Kwa hiyo binti yangu wa pekee alipochumbiwa, hakuna aliyeuliza nani ataozesha. Baba anaruhusiwa kumwakilisha shekhe, yaani kumfanya wakili, aseme yale maneno ya kuozesha kwa niaba yake, na akina baba wengi hufanya hivyo kwa kuogopa kukosea mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimeshatangaza tangu binti mwenyewe ana miaka mitano kwamba nitamuozesha kwa kinywa changu. Mama yake alikuwa akinicheka. "Utatoa hotuba mpaka bwana harusi aote mvi," alikuwa akisema. Mama yake alifariki mwaka mmoja kabla ya harusi, na tangu hapo jambo lile halikuwa majivuno tena. Lilikuwa ahadi, na nilikuwa tayari kugombana na mtu yeyote kwa ajili yake.

Nikaha ilipangwa mwezi wa Shaabani, kabla watu hawajashikwa na Ramadhani, na Shaabani ile iliangukia katikati ya kaskazi. Nasema joto kwa kukosa neno zito zaidi. Bati la duka langu lilianza kulia tangu saa nne asubuhi. Leso zilikuwa moto kama zimetoka kupigwa pasi. Feni haikuwa na kazi ila kulichukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile. Shati langu lililowa, likakauka, likalowa tena, na jioni likawa limeacha chumvi mgongoni kama la mpagazi.

Nami, mtu mzima mwenye akili timamu, nilikabiliana na hali hiyo kwa kahawa chungu na mabuyu. Kahawa, kwa sababu nilirithi kwa wazee kwamba cha moto hutoa jasho na jasho hupoza mwili. Mabuyu, kwa sababu yanaleta mate. Nikihisi ulimi umeanza kugandamana na kaakaa, natia kokwa moja mdomoni, nanyonya sukari yake na pilipili yake, mate yanakuja, naendelea kuuza. Ikifika magharibi nilikuwa nimemaliza mfuko mzima na ulimi wangu mwekundu kama wa mtoto wa chekechea. Maji nilikutana nayo mara tano kwa siku, wakati wa kutia udhu.

Mabadiliko niliyaona, ila niliyatafsiri nijuavyo mimi. Kwanza wateja. Nilipoinama kuwasomea jina la leso, walianza kuiinua ile leso juu, kati ya uso wao na wangu, na kurudi nayo hatua mbili hadi mlangoni. Nikadhani wanataka kuiona rangi kwenye mwanga. Nikajilaumu kwamba duka lina giza, nikanunua taa mpya.

Halafu dada yangu mkubwa, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta tu. Kila nilipoingia kwake alikimbilia chetezo na kutia udi. Si udi wa kila siku, bali ule unaofichwa kabatini kwa ajili ya maharusi. Nikaona hii ni heshima ya mfiwa, na nikawa napita kwake mara mbili kwa siku ili asije akadhani siithamini. Jirani yetu aliporudi umra aliwaletea watu wote tasbihi, mimi akanipa fungu la miswaki kumi na miwili. Nikajisemea, huyu ameniona mimi ni mtu wa sunna. Niliipanga miswaki ile kwenye kabati la kioo dukani, ili na wateja waione.

Nyumbani, binti yangu hakuondoa sinia bila ya kuniwekea kisahani cha karafuu na iliki. Nikawaambia wageni, tazameni mtoto aliyelelewa.

Mbaya kuliko yote ni ile siku alipokuja bwana harusi mwenyewe kutoka Utange, pamoja na ami yake, kuja kupanga mambo ya mwisho. Tuliketi jamvi moja, bega kwa bega. Kijana alinipa mkono, akanisalimu vizuri, kisha akatoa kitambaa na kukibana puani, na hakukiondoa mpaka alipoondoka. Nilimwonea huruma. Mafua, katika joto lile! Nikamsogelea zaidi ili nimweleze kwa utulivu namna ya kujifukiza kwa mvuke wa mchaichai, na maelezo yangu, kama kawaida, hayakuwa mafupi. Macho ya kijana yalilengwalengwa na machozi. Nikasema moyoni, huyu atakuwa mkwe mwenye huruma.

Wiki ile ile dada yangu alinijia na sahani ya vitumbua, na dada yangu hatoi vitumbua bure.

"Kakangu," akasema, "si umuate shekhe aozeshe? Wewe una majonzi yako. Yatakushika koo mbele za watu."

"Majonzi yangu yako kifuani," nikamjibu. "Kooni hayajafika."

"Wallahi mimi nakuombea kheri tu."

Nikamrudishia vitumbua vyake, isipokuwa vitatu nilivyokwisha kula. Siku mbili baadaye shekhe mwenyewe alipita dukani, akasimama nje juani, jambo ambalo nililiona geni, akaniambia kwamba siku hizi wazee wengi wanapendelea kuwakilisha. Nikamwambia, "Shekhe, mimi si wazee wengi." Akaitikia inshallah ile ndefu ambayo maana yake ni hapana, akaenda zake. Nililala na hasira. Niliona ukoo mzima umefanya njama ya kuninyang'anya kitu kimoja nilichobakiza kumtimizia marehemu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu jino lilipovunjika. Nina tabia mbaya: nikishamaliza sukari ya buyu, huivunja na kokwa yenyewe. Nilikuwa nikimwelezea mwanamke mmoja kwa nini leso aliyoshika itamfaa wifi yake, nikauma, nikasikia mlio ambao haukuwa wa kokwa. Kipande cha gego kilianguka juu ya leso mpya. Yule mwanamke aliiweka chini taratibu, akasema atarudi kesho.

Likoni kwetu kuna matabibu wa meno, lakini mtu mwenye kinywa mashuhuri hawezi kuonekana na mtaa mzima akiwa amekiachama. Nikafunga duka, nikaenda mpaka Port Reitz, kwenye kliniki ndogo ambayo hakuna anayenijua. Daktari alikuwa msichana wa bara, umri wa binti yangu. Nilingoja shikamoo yangu. Akasema, "Sasa mzee, keti hapa."

Nikaketi. Akawasha taa, akanifungua mdomo, akatazama muda mrefu zaidi ya nilivyopenda. Kisha akashusha barakoa.

"Mzee, nikuambie ukweli ama nikubembeleze?"

"Mimi ni mtu mzima. Niambie."

"Mdomo yako imekauka kabisa. Jino si hiyo moja pekee, kuna zingine tatu zimeanza kutoboka. Fizi zimefura. Na mzee, usikasirike, inanuka. Inanuka sana."

Nina miaka hamsini na sita. Nimetukanwa na wadeni, nimepigwa na walimu, nimezomewa uwanjani. Sijapata kuambiwa neno kama lile. Nilitaka kuinuka niende, lakini kiti chenyewe kilikuwa kimelazwa nyuma, na mtu hawezi kuondoka kwa hasira huku miguu iko juu kuliko kichwa. Basi nikabaki nimelala pale, na mambo yakaanza kunipitia machoni moja moja. Leso zilizoinuliwa. Udi wa maharusi. Karafuu. Miswaki kumi na miwili, ambayo niliiweka kwenye kioo watu waione! Shekhe aliyekubali kuungua jua kuliko kuingia dukani. Na yule kijana wa watu, Mola anisamehe, niliyemfukuza na pua yake mpaka ukutani nikimfundisha kujifukiza.

Nikaanza kucheka. Daktari akadhani nalia, akanipa karatasi nijipanguse, na kusema kweli kufikia hapo hata mimi sikuwa na hakika.

Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyefiwa. Mate ndiyo yanayoosha meno kutwa nzima, akasema, ndiyo yanayopunguza makali ya sukari na uchachu. Mtu akitoka jasho siku nzima bila kurudisha maji, mate yanapungua na kuwa mazito, mabaki ya chakula yanabaki palepale, vijidudu vinastarehe, ulimi unapata utando, harufu inakuja. Kisha juu ya kinywa kikavu kama hicho wewe unaweka sukari ya kunata na unainyonya tangu asubuhi. Ukilala na joto unalala mdomo wazi, unakauka tena mpaka alfajiri. Karafuu inafunika harufu, haitibu kitu. Na kahawa, akasema, tusiihesabu kuwa ni maji.

"Kwani maji unakunywanga glasi ngapi kwa siku?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Kadiri ninavyoletewa."

"Nani anakuletea?"



Katika miaka ishirini na tisa ya ndoa yangu sikuwahi kujimiminia maji. Nalisema kwa aibu, ingawa wakati ule nisingeliona ni aibu. Ndivyo tulivyolelewa, baba zetu walikuwa hivyo hivyo. Saa nne ilipofika, jagi lilikuwa juu ya meza ya duka, limefunikwa kwa kitambaa. Saa saba, jingine. Alasiri, jingine, wakati mwengine limetiwa kipande cha ndimu. Sikuwahi kuagiza wala kushukuru. Nilikuwa nikinywa kwa sababu lilikuwepo, kama mtu anavyovuta pumzi. Alipofariki, jagi halikuja tena, nami hata sikugundua. Nilijua tu kwamba kila kitu kimekuwa kikavu, na nikadhani huzuni ndivyo ilivyo. Pale kwenye kiti nikamlilia mke wangu kwa mara ya kwanza bila ya kuona haya, na binti wa watu akasimama pembeni ameshika kifaa chake, hajui akiweke wapi.

Nilipotulia nikamweleza habari ya nikaha. Magoti kwa magoti na bwana harusi, mkono kwa mkono, uso kwa uso. Nikamuuliza kama wiki tatu zinatosha.

"Ukifuata, zinatosha. Usipofuata, mzee, wachia huyo shekhe aongee."

Niliporudi nyumbani nikamwita binti yangu.

"Abee, baba."

"Kinywa changu kinanuka?"

Akatazama mkeka. Akasema baba, mbona wauliza maneno hayo. Nikamuuliza tena. Akaanza kulia, akasema, "Mimi ningekuambiaje, baba? Mtoto amwambie baba yake jambo kama hilo? Nilimwambia shangazi. Shangazi akamwambia shekhe. Shekhe akasema atatafuta njia ya hekima." Kumbe kinywa changu kilikuwa kimekaliwa vikao. Watu wa kwetu ni wepesi wa mdomo katika mambo ya jirani, lakini la kumwambia mtu usoni, adabu inawaziba. Nikamuuliza kwa nini basi yeye naye hakuniomba nimwachie shekhe, yakaisha. Akasema, "Kwa sababu nataka useme wewe. Mama alitaka useme wewe. Sote tulikuwa tukitafuta namna."

Basi nikaanza kazi. Sijapata kusoma chochote kwa bidii kama nilivyosoma karatasi ya maagizo aliyoniandikia daktari. Nilizibwa meno matatu na kung'olewa lile moja. Nilipiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na ulimi nao nikausugua, na katika fungu la jirani nikatoa mswaki mmoja na hatimaye nikautumia kwa kazi yake. Mabuyu nikawagawia watoto wa mtaa, kisha nikakumbuka meno yao, nikawafuata kuwanyang'anya, nikapata jina baya. Kahawa nikaipunguza ikawa vikombe viwili. Nikanunua mtungi wenye bomba, nikauweka dukani, nikajiwekea sharti la kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, si kungoja kiu. Siku ya kwanza, kwa kutojua kipimo, nilikunywa kama ng'ombe na kutwa nzima nikawa njiani baina ya duka na choo cha msikiti. Muadhini akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa na njia yangu ya kujipima. Unalamba ngozi ya kiganja kwa nyuma, unangoja ikauke, unanusa. Mteja mmoja alinikuta nikijilamba mkono nyuma ya meza. Sikuwa na maelezo ya maana, nikamwambia ni dawa. Lakini wiki ya pili mwanamke mmoja alinisikiliza jina la leso mpaka mwisho, leso iko mezani, yeye yuko palepale, na akacheka penye kuchekesha. Nilitamani kumkumbatia. Nikampunguzia bei, na mimi sipunguzi.

Siku ya nikaha joto lilikuwa lile lile. Msikiti ulijaa, na tulipomaliza tu sala ya alasiri umeme ukapotea, feni zote zikasimama. Shekhe alikuja kukaa karibu yangu sana, karibu kuliko inavyohitajika, na nikaelewa kwamba amekaa mkao wa kunipokea nikianguka. Bwana harusi akaketi mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu, nikamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa chapachapa kwa hofu. Nilikuwa nimekunywa maji ya kutosha, nimepiga mswaki mara mbili, na hotuba ndefu nimeihifadhi moyoni.

Hotuba ilipotea yote. Nikamtazama yule kijana, nikasema yale maneno tu: nimekuozesha binti yangu kwa mahari mliyokubaliana. Yalitoka wazi, safi, kwa sauti ambayo hata safu ya nyuma waliisikia bila kipaza sauti. Kijana akajibu nimekubali, haraka, kama anayeogopa nitabadili mawazo. Watu wakaitikia, halua ikaanza kupita, shekhe akanipiga bega akasema mashallah, mashallah, huku akinisogelea bila woga wowote.

Wao walikuwa wakinipongeza, mimi nikawa nimeduwaa. Wiki tatu nilikuwa nimehangaika ili maneno yale yatoke vizuri, yasimkere mtu, yasimwaibishe marehemu. Nilikuwa nimeshughulika na meno, na fizi, na ulimi. Maana ya maneno yenyewe sikuwahi kuitia akilini hata mara moja. Maana yake ni kwamba kesho sitasikia abee ndani ya nyumba ile.

Nilikwenda nyumbani kumpa binti yangu habari kabla hawajaja kumchukua. Alikuwa ameketi katikati ya wanawake, amefunikwa, mikono ina hina. Akaufunua uso.

"Baba, umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe."

"Yametoka vizuri?"

"Yametoka vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Na kama maneno yangekuwa yanarudi, ningeyameza sasa hivi."

Akainuka na mapambo yake yote, akanishika, akanilia kifuani, nami nikamshika. Nilitaka kumwambia mengi. Dada yangu, aliyekuwa mlangoni, amesimulia mtaa mzima kwamba hajapata kuniona nimenyamaza muda mrefu namna ile, na kwamba mwishowe yeye ndiye aliyelazimika kuwashukuru wageni.